UZI: Kugawa muda wa kufikiri kwenye chesi ya saa ndefu (90+30 na nyinginezo)

Ngome_ya_Saba #1

Habari za jioni wakuu. Nyuzi za fungulio (hatua za mwanzo wa mchezo) tunazo nyingi humu, mafumbo ya mati (kumnasa mfalme asiweze kutoka) kwa hatua tatu yamejaa, lakini uzi wa saa hakuna. Na kwenye mashindano ya saa ndefu, mchezo unaoharibika kati ya hatua ya 30 na 40 mara nyingi hauharibiki kwa sababu mtu hajui chesi. Dakika zilizotakiwa kutumika pale zilishaliwa kwenye hatua ya 12, kwa jambo lisilo na uzito.

Tuanze na hesabu. Saa ya 90+30 ni dakika 90 mkononi, na kila hatua inakuletea sekunde 30 kuanzia hatua ya kwanza. Hatua 40 zinaleta dakika 20, hatua 60 zinaleta dakika 30. Kwa hiyo mchezo wa hatua 60 una dakika 120 kwako peke yako. Ukigawa, ni dakika mbili kwa hatua.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaishika hiyo dakika mbili kama posho ya kila hatua. Ukila kete iliyokula kete yako na hakuna njia nyingine, hiyo ni kazi ya sekunde 20. Fungulio unalolijua ni sekunde 10 kwa hatua. Dakika zinazobaki huko ndizo mtaji wa zile hatua nne au tano zinazoamua mchezo.

Mimi napendekeza vituo vinne. Namba ni ile inayosomeka kwenye saa yako, nyongeza ikiwa imeshaingia:

Baada ya hatua ya 10: dakika 85
Baada ya hatua ya 20: dakika 60
Baada ya hatua ya 30: dakika 35
Baada ya hatua ya 40: dakika 15

Maana yake umetumia dakika 10 kwenye hatua kumi za kwanza, 30 kwenye kumi za pili, 30 kwenye za tatu, 25 kwenye za nne. Uzito wote uko kati ya hatua ya 11 na 40, ambako kete nyingi bado ziko ubaoni na kosa moja linagharimu mchezo mzima. Zile 15 za mwisho ni za kumalizia, na nyongeza inaendelea kuingia.

Ukikuta kwenye kituo uko chini kwa dakika tano, hakuna shida. Ukiwa chini kwa 15, hatua mbili tatu zinazofuata cheza kwa akili ya kawaida, zile zinazoonekana wazi, mpaka urudi kwenye mstari. Usijaribu kufidia yote kwa hatua moja.

Karibuni mkosoe.

---

Mwamuzi_Kiti #2

Mkuu Ngome, umefanya vizuri kufungua huu. Niongeze upande wa kanuni, maana vituo vyako ni vya saa moja tu.

90+30 tupu ni tofauti na ile ya Olimpiadi ya FIDE (shirikisho la chesi duniani), ambayo ni dakika 90 kwa hatua 40, kisha dakika 30 zinaongezwa, na nyongeza ya sekunde 30 tangu hatua ya kwanza. Kwenye hii ya pili hakuna sababu ya kufika hatua ya 40 na dakika 15, kwa sababu 30 nyingine zinakuja. Vituo vyake viwe 85, 57, 25 na 5. Ukivuka, unasoma 35. Mtu anayetumia mgao wa 90+30 tupu kwenye saa ya Olimpiadi anaacha dakika kumi za katikati ya mchezo bila kuzigusa. Anayefanya kinyume chake anaingia mwisho wa mchezo na dakika tano. Kabla ya raundi ya kwanza soma tangazo la mashindano, usisikilize ya kuambiwa mlangoni.

Jambo la pili: zile dakika 30 huongezwa lini? Inategemea saa ilivyowekwa. Kuna saa inayohesabu hatua na kuongeza mara hatua ya 40 inapobonyezwa, na kuna iliyowekwa iongeze pale tu muda wa kwanza unapofika sifuri. Kwenye hiyo ya pili utavuka hatua ya 40 na saa itaendelea kuonyesha dakika zako chache, watu wanashtuka bure. Muulize mwamuzi kabla ya kuanza.

La tatu, kuhusu kuandika. Kanuni za FIDE zinaruhusu karatasi ya mchezo iandikwe hatua, muda wa saa, pendekezo la sare na mambo ya madai. Kwa hiyo kuandika "62" pembeni ya hatua ya 19 ni halali kabisa, na ndiyo njia rahisi ya kufuata vituo. Kisichoruhusiwa ni maneno ya kujikumbusha, kama "angalia f7" au "tulia". Hayo ni maandishi ya msaada na utaonywa. Vilevile huruhusiwi kuandika hatua kabla ya kuicheza, isipokuwa unadai sare kwa mwamuzi.

---

FarasiMweusi #3

Somo zuri. Swali langu kwa Ngome: umesema hatua nne au tano zinaamua mchezo. Mtu aliyekaa kwenye kiti anazitambuaje? Baada ya mchezo kila mtu anazijua.

---

Ngome_ya_Saba #4

FarasiMweusi, swali lako ndilo kiini cha uzi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, hatua hii inaweza kurudishwa? Askofu akienda e2 leo, kesho anaweza kwenda d3, umepoteza zamu moja. Askari akisogea harudi tena. Malkia wakibadilishana hawarudi. Mfalme akijificha upande wa malkia, mchezo umeshachukua sura yake. Kwa hiyo kaa chini ufikiri unapotaka kusukuma askari wa katikati, kubadilisha malkia, kuchagua mfalme akae wapi, kutoa kete kama sadaka, au kuingia kwenye mwisho wa askari watupu. Na uongeze pale ambapo fungulio unalolijua limekwisha na hatua inayofuata ni ya kwanza yako mwenyewe.

Chukua mfano ambao wengi mnaujua, fungulio la Gambiti ya Malkia ya kubadilishana (N ni farasi, B askofu, Q malkia, R ngome, x ni kula, 0-0 ni kumficha mfalme upande wake; pasipo herufi kubwa ni askari):

1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.cxd5 exd5 5.Bg5 Be7 6.e3 0-0 7.Bd3 Nbd7 8.Qc2 Re8

Zamu ya Nyeupe. Farasi wa g1 aende f3 au e2? Kwa macho ni hatua ya kawaida ya kuingiza kete mchezoni, mtu anaicheza kwa sekunde 15. Lakini hapo ndipo mpango mzima unachaguliwa. Akienda f3, amemziba askari wa f, kwa hiyo mchezo wa kawaida ni kumficha mfalme upande wake, ngome kwenda b1, askari wa b kusogea b4 mpaka b5, kuivunja c6 ya Nyeusi. Akienda e2, f3 imefunguka, na Nyeupe anajiandaa kusukuma e4, au hata kumpeleka mfalme upande wa malkia na kushambulia. Michezo miwili tofauti kabisa. Kama hukuamua nyumbani, dakika kumi hapa ni halali. Na zitakulipa, kwa sababu hatua sita au saba zinazofuata zitakuja haraka: mpango umeshaujua.

Linganisha na hatua ya 4, Nyeusi kula d5 kwa askari wa e. Kula kwa farasi inawezekana, lakini inaachia Nyeupe e4 bila jasho. Hapo hakuna cha kufikiri dakika tano.

---

Bi_Tuli #5

Naomba nishuke kwenye namna yenyewe ya kufikiri, kwa sababu dakika kumi zinaweza kupita mtu akiwa anazunguka pale pale.

Ukianza kufikiri kwa muda mrefu, kwanza angalia saa na ujiwekee mwisho kimoyomoyo: "nina 58, saa ikisoma 48 ninacheza". Halafu jiulize mpinzani anataka nini. Dakika moja inatosha. Kisha orodhesha hatua za kuchagua, mbili au tatu, zisizidi nne, KABLA ya kuanza kuhesabu yoyote. Hapa ndipo muda unapovuja: mtu anahesabu hatua ya kwanza kwa dakika sita, haimpendezi, anahamia ya pili kwa dakika tano, anarudi ya kwanza kuthibitisha yale yale aliyokwisha yaona. Kotov, mwandishi wa vitabu vya chesi, alilipigia kelele sana hili la kurudiarudia tawi moja. Ugonjwa unaoitwa kwa jina lake ni huo huo: mtu anachambua hatua mbili kwa nusu saa, hazimridhishi, anaona saa, anashtuka na kucheza hatua ya tatu ambayo hakuihesabu hata kidogo. Hiyo ya tatu ndiyo inayomwangusha.

Dawa yake ni hii: hatua mpya ikikujia mwishoni, ama uipe dakika mbili zake za kuhesabiwa, ama uiache na ucheze bora kati ya zile ulizochambua.

Kama baada ya dakika tano hatua mbili zinaonekana sawa, ni kwa sababu ziko sawa, au tofauti yake hutaiona hata kwa dakika 20. Chagua ile inayorudishika na usonge.

Dari yangu kwa 90+30 ni dakika 15 kwa hatua moja, na mara moja tu kwa mchezo. Dakika ya 16 mpaka ya 25 huwa hazizalishi kitu kipya. Mtu anaogopa tu kuamua.

Halafu kuna sekunde 20 za mwisho ambazo hazina mjadala, hata ukiwa na haraka. Mkono ukiwa bado chini, tazama: baada ya hatua yangu, mpinzani ana cheki (shambulio kwa mfalme) gani, anaweza kula nini, anatishia nini? Mfano wa kwanini:

1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.Bg5 Nbd7 5.cxd5 exd5

Farasi wa f6 anaonekana kafungwa, nyuma yake yupo malkia wa d8. Kwa hiyo askari wa d5 anaonekana wa bure, na 6.Nxd5 inachezwa kwa kasi ya mtu aliyeokota pesa njiani. Nyeusi anajibu 6...Nxd5! 7.Bxd8 Bb4+. Ni cheki, na Nyeupe hana hatua nyingine halali ila kumweka malkia d2. Nyeusi anamla, mfalme anakula askofu, kisha mfalme wa Nyeusi anakula d8. Ukihesabu, Nyeusi ana farasi mzima zaidi kwa askari mmoja. Aliyejiuliza "ana cheki gani?" angeiona b4 kwa sekunde tano.

---

KeteNyeusi #6

Bi Tuli shikamoo. Nakubali mengi, ila nina pingamizi kwenye vituo vya Ngome. Mchezo hauji kwa hatua kumi kumi. Kuna mchezo unawaka moto hatua ya 9, na mwingine kete zimekaa kimya mpaka hatua ya 28. Ukimfunga mtu kwenye jedwali, atacheza haraka penye moto kwa sababu saa inasoma 80 badala ya 85, na atakaa dakika tatu kwenye hatua ya kipumbavu kwa sababu "ana akiba". Ubao ndio unaotakiwa kuamuru saa.

---

Ngome_ya_Saba #7

KeteNyeusi, pingamizi lako ni sahihi kwa nusu. Moto ukiwaka hatua ya 9, tumia 20, hakuna atakayekulaumu. Vituo havikuzuii kutumia, vinakuambia umeshatumia. Tofauti ya mtu mwenye vituo ni kwamba akifika hatua ya 20 na dakika 45 anajua kabisa kwamba hapa mbele ana fikra ndefu moja tu iliyobaki, na atachagua aiweke wapi. Asiye navyo anagundua kwenye hatua ya 33.

Kwenye akiba nakubaliana nawe moja kwa moja. Kuwa na dakika 70 hatua ya 25 si sifa. Kama nafasi ni ngumu na una akiba hiyo, umecheza juu juu mahali fulani.

---

SaaKwanza #8

Wakuu, na kwa saa zisizo na nyongeza je? Mashindano mengi ya shule na vilabu bado yanatumia dakika 60 au 90 kwa mchezo mzima, bendera ikianguka (muda wako ukiisha) umekwisha.

---

Mwamuzi_Kiti #9

SaaKwanza, huo ni mchezo mwingine kabisa na unataka akiba kubwa zaidi.

Kwa saa ya dakika 60 kwa mchezo mzima bila nyongeza, hesabu dakika 50 za kufikiri na 10 usiziguse mpaka kete zipungue. Sababu ni ya kimwili kabisa. Kusogeza kete, kubonyeza saa kwa mkono ule ule uliosogeza (kanuni inataka hivyo), na kuandika vinakula sekunde 5 mpaka 8. Hatua 20 za mwisho bila hata kufikiri ni karibu dakika mbili na nusu. Nyongeza ya sekunde 30 inakufichia gharama hii. Bila nyongeza unailipa mfukoni.

Kanuni tatu za kushika. Ukibakiwa na chini ya dakika tano kwenye kipindi hicho na nyongeza haifiki sekunde 30, hulazimiki kuendelea kuandika. Ukiwa na nyongeza ya sekunde 30, unaandika mpaka mwisho, hata ukiwa na sekunde 12. Pili, bendera yako ikianguka na mpinzani hana njia yoyote halali ya kukupa mati, kwa mfano kabaki na mfalme mtupu, ni sare. Tatu, ule mwongozo wa FIDE wa kumalizia mchezo usio na nyongeza, unaompa mtu mwenye chini ya dakika mbili haki ya kumwomba mwamuzi nyongeza ya sekunde tano au kudai sare, unatumika pale tu ilipotangazwa mapema kwamba utatumika. Ukiudai bila kutangazwa, utapoteza sekunde zako.

Na haraka ina adhabu yake. Hatua isiyo halali ya kwanza inampa mpinzani dakika mbili. Ya pili inakupotezea mchezo. Mtu akibanwa na saa ndipo anapoacha mfalme kwenye cheki.

---

FarasiMweusi #10

Mfano mkubwa wa saa isiyo na nyongeza ni ubingwa wa dunia wa 2023 kule Astana. Muda ulikuwa dakika 120 kwa hatua 40, na nyongeza haiji mpaka hatua ya 61. Mchezo wa 7, Ding Liren akiwa na Nyeusi dhidi ya Nepomniachtchi, nafasi yake ilikuwa inachezeka vizuri tu. Hatua ya 32 akaganda. Alipokuja kucheza alibakiwa na chini ya dakika moja kwa hatua nane. Hatua ya 37 akasalimu. Mwaka uliofuata, Singapore, mchezo wa 3 dhidi ya Gukesh, bendera yake ilianguka kabla ya hatua ya 40. Ingawa hapo nafasi ilikuwa imeshaoza.

Kama yanamfika bingwa wa dunia, basi kipaji si kinga. Alexander Grischuk amechukua ubingwa wa dunia wa blitzi (chesi ya dakika chache) mara tatu na bado anajulikana dunia nzima kwa kubanwa na saa kwenye michezo mirefu. Tatizo liko kwenye tabia ya kuamua, kwa sababu kasi ya mkono anayo tele.

---

Bi_Tuli #11

Marahaba KeteNyeusi.

Nigusie muda wa mpinzani, maana ni nusu ya mchezo. Mchezo wa 90+30 wenye hatua 60 unaweza kufika saa nne, na mbili kati ya hizo saa yako haitembei.

Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa na mgawanyo ambao sijaona bora kuliko huo: saa yako ikitembea, hesabu mistari, saa ya mpinzani ikitembea, fikiri mambo ya jumla. Askofu wangu yupi ni mbaya? Ngome zangu zinataka mstari gani? Kete zikiisha, mwisho huu ni wa nani? Ukihesabu mistari kwenye muda wake unapoteza nguvu, kwa sababu una hatua kumi za kumbunia naye atacheza ya kumi na moja. Isipokuwa ana jibu moja tu la lazima. Hapo endelea kuhesabu.

Ukinyanyuka kunyoosha miguu au kwenda chooni, nyanyuka mara tu baada ya kubonyeza saa, wakati yeye ameinama kwenye jambo zito. Ukiwa mbali naye akacheza, dakika ni zako. Na ukirudi mezani usijibu hapo hapo. Kaa, andika hatua yake, tazama ubao wote kama mgeni. Makosa mengi ya kizembe hufanyika sekunde kumi baada ya mtu kurudi kitini.

---

KeteNyeusi #12

Kuna upande wa pili ambao hatujauzungumza: mpinzani ndiye aliyebanwa na saa. Ana dakika mbili, wewe una 25. Wengi wanaanza kucheza haraka "ili asipate nafasi ya kufikiri kwenye muda wangu". Kwa kufanya hivyo umelitupa lile ulilokuwa nalo zaidi yake. Sasa wote mnacheza blitzi, na yeye ameshazoea mwendo huo kwa hatua nane zilizopita.

Cheza kwa kasi yako ile ile. Tafuta hatua zinazomwachia majibu mengi yanayofanana, siyo cheki zenye jibu moja. Mtu mwenye sekunde 40 anafurahia kulazimishwa. Hatua ya lazima haimli muda. Badilisha sura ya mchezo: fungua mstari upande asiouangalia, au acha mvutano wa askari ubaki bila kula, aamue yeye. Na usimpelekee mwisho rahisi wa kete chache kama yeye ndiye anayetaka hewa.

---

Ngome_ya_Saba #13

Hapo umenigusa, na inanileta kwenye mwisho wa mchezo. Kubadilisha kete ya mwisho na kuingia askari watupu ni uamuzi unaostahili dakika kuliko wowote ule. Huko hakuna "nafuu kidogo". Ni ushindi, sare, au kifo, na zamu moja inaamua.

Weka ubaoni: Nyeupe ana mfalme e4 na askari e3, Nyeusi ana mfalme e6. Kete ni hizo tu. Zamu ikiwa ya Nyeusi, Nyeupe anashinda. Zamu ikiwa ya Nyeupe, ni sare. Sasa fikiria uko na ngome moja moja, unabadilisha kwa kasi kwa sababu "nina askari zaidi", halafu unafika hapo zamu ikiwa yako. Nusu pointi imekwenda kwa kukosa dakika nne za kuhesabu kabla ya kubadilisha. Ndiyo maana ile 15 ya hatua ya 40 siipunguzi.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ya mwisho ambayo hayatakiwi kuliwa muda kabisa kwa sababu yanajifunzwa nyumbani. Kujilinda kwa ngome dhidi ya ngome na askari, namna ya Philidor: ngome inakaa mstari wako wa tatu kumzuia mfalme wake, askari akisogea kufika mstari huo ngome inashuka mpaka mwisho wa ubao upande wa pili na kupiga cheki kutoka nyuma. Anayeijua anaicheza kwa nyongeza tupu. Asiyeijua anatumia dakika 12 na bado anakosea.

---

SaaKwanza #14

Nimewaelewa. Na mazoezi yake? Maana kusoma ni rahisi.

---

Bi_Tuli #15

Mazoezi yapo ya aina mbili.

La kwanza ni kupima. Baada ya kila mchezo chukua karatasi yenye muda ulioandika, piga hesabu kila hatua ilikula dakika ngapi, weka alama kwenye zote zilizozidi nane. Kwa kila moja jibu: nilikuwa nachagua kati ya nini na nini? Je, hatua niliyocheza ndiyo ile ya kwanza kunijia akilini? Ukikuta mara nyingi unaishia kwenye ile ya kwanza, dakika zako zinakwenda kutafuta uhakika, wala si hatua. Injini (programu ya kuchambua chesi) iweke mwisho, baada ya wewe mwenyewe kuandika majibu. Ukicheza kwenye tovuti ya Lichess kazi ni nyepesi zaidi, inakuchorea muda wa kila hatua. Cheza 30+20 au 45+45; dakika 10 hazifundishi jambo hili.

La pili ni la Botvinnik, alilowapa waliokuwa wakibanwa na saa kila mara: cheza michezo ya mazoezi ambayo jambo kubwa unaloliangalia ni saa. Matokeo yasikushughulishe, wala ubora wa hatua. Kazi yako ni kufika kila kituo kwa wakati, hata ikibidi kucheza hatua usiyoiamini sana. Ukishazoea, rudisha ubora polepole huku vituo vikibaki. Michezo kumi kumi na tano ya namna hiyo inambadilisha mtu.

---

FarasiMweusi #16

Moja la mwisho kwa Mwamuzi Kiti. Kwenye saa ya hatua 40, mtu akiruka mstari kwenye karatasi na kuandika hatua ya 26 penye 27, itakuwaje?

---

Mwamuzi_Kiti #17

Atadhani amemaliza 40 kumbe kamaliza 39. Ataegemea kiti, aanze kufikiri kwa raha, na bendera itaanguka. Hiyo ni kupoteza mchezo, na mwamuzi hana ruhusa ya kukukumbusha hesabu ya hatua zako.

Kwa hiyo hatua ya 30 ikifika, wakati saa ya mpinzani inatembea, linganisha: safu ya Nyeupe na ya Nyeusi zina idadi sawa? Kuna mstari mtupu? Hatua moja iliyoandikwa mara mbili? Ukiona tofauti, rekebisha ukiwa bado na dakika. Na ukifika 40 kwa karatasi yako ukiwa na sekunde chache, cheza ya 41 pia ndani ya nyongeza, ubonyeze saa, ndipo ufikiri. Kumbuka pia kwamba hatua ya 40 imetimia ukishabonyeza saa. Kete iliyokaa ubaoni bila saa kubonyezwa, bendera ikianguka, haihesabiki, isipokuwa hatua hiyo yenyewe imemaliza mchezo, kama ya mati.